Eafoni Iliyobaki kwa Mkwe Wangu

Kofi lililompasua mwanangu ngoma ya sikio la kushoto lilimkuta akiwa kazini. Alikuwa ameketi mezani nyumbani kwake, kompyuta mbele yake, eafoni zisizo na waya masikioni, anasikiliza mkutano wa watu asiowajua na kuuandika neno kwa neno. Hiyo ndiyo kazi yake. Ofisi inamtumia sauti, yeye anarudisha maandishi. Mumewe, fundi wa kuchomelea mageti, aliingia akamwita, akamwita tena, na mwanangu hakugeuka kwa sababu masikio yake yalikuwa yamejaa sauti za watu wengine. Mkono wa mtu anayeshinda na chuma kutwa nzima si mkono wa kupigwa nao. Eafoni ya kushoto iliruka ikagonga ukuta. Kiti kilikwenda upande wake, mwanangu upande wake, kompyuta ikaanguka katikati.

"Ukishajichomeka hayo madude mimi nakuwa mbwa, siyo? Nabweka tu?"

Kisha akaifuata ile eafoni pale sakafuni, akaisaga kwa kisigino cha buti mpaka ikatoka utumbo. Mwanangu aliyaona hayo akiwa amelala chini, damu inamtoka sikioni. Ndiyo maana tangu siku ile alihesabu kwamba eafoni zake zimekufa. Nawaomba mlishike hilo, nyinyi wenye mabinti walioolewa, maana ndilo lililokaribia kumuua. Eafoni zilikuwa mbili. Alikanyaga moja, ya pili ikabaki kulekule.

Alifika kwangu amekumbatia kompyuta kifuani kama mtu aliyeokoa mtoto kwenye moto. Simu yake mumewe alishaipigiza kwenye sinki. Hakuwa na mkoba wala viatu. Nilimpokea mlangoni nikamkalisha kwenye kiti changu cha kushonea, na nilipomsogezea uso nimsafishe damu akanigeuzia sikio la kulia. "Ongea huku, mama. Kule kunapiga filimbi."

Mimi ni mshonaji. Chumba cha mbele kina cherehani yangu na meza ya kupigia pasi, na mlango wake unatazama barabara. Ng'ambo ya barabara ni kibanda cha kinyozi. Chumba cha ndani, alikolala mwanangu, dirisha lake linatazama pagale, nyumba ambayo mwenyewe aliianza akaishia kwenye kuta, haina paa, haina milango, magugu yameota sebuleni. Ukitoa mpini wa fagio dirishani unaligusa pagale lenyewe. Nondo za dirisha lile alizichomelea mkwe wangu mwaka wa harusi, akakataa hata nauli. Nilimsifia kwa majirani mpaka mate yakanikauka.

Kituo cha polisi tulikwenda. Askari alilitazama sikio, akatazama saa yake ya mkononi.

"Mama, haya ni mambo ya chumbani. Wape muda wataelewana."

"Afande, akirudi kulala kule ataamkia kaburini."

"Nyie wakina mama mna maneno," akasema, akamwita mtu mwingine aliyekuwa nyuma yetu.

Mkwe wangu alikuja kesho yake na mfuko wa machungwa na machozi. Alipiga magoti nje ya mlango, watu wanapita. "Mama, nisamehe. Shetani alinipitia tu."

"Mwambie na leo apite," nikasema. "Asisimame hapa."

Alicheka kidogo, akajipangusa macho. Halafu akauingiza mkono kwenye upenyo wa mlango, akaishika minyororo niliyokuwa nimefungia mlango, akavuta mara moja, na misumari ikalia kwenye mbao. Nilikuwa na pasi ya mkaa mkononi, nikaisogeza karibu na vidole vyake mpaka akasikia joto lake. Akauchomoa mkono taratibu. Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Nitamtoa humo, mama mkwe. Akitoka anatembea ni sawa, akitoka amebebwa ni sawa pia. Chagueni wenyewe." Machungwa akayaacha. Niliyatupa pagaleni yote, na mfuko wake.

Ndipo nikamtafuta mdogo wangu wa kiume. Yeye ni dereva wa lori, mteja wa siku nyingi wa kinyozi yule wa ng'ambo, na mtaani wanamwita Honi kwa sababu hajui kunong'ona. Akikusalimu asubuhi, nyumba ya tatu nao wanaitikia. Tulikubaliana atampakia mwanangu safari yake ya kurudi ampeleke mbali, mahali ambapo mumewe hana ndugu wala mteja. Kuzungumza tukawa tunazungumza kwa kompyuta, kwa kidude cha intaneti ambacho mwanangu alipewa na ofisi, kilichokuwa kimechomekwa ubavuni mwake, maana simu yangu ndogo ya vitufe mkwe wangu alikuwa anaipigia mchana kutwa mpaka nikaizima nikaitia kabatini.

Siku ya kwanza tulipokuwa tunapanga, kompyuta ikawa bubu. Honi yuko kwenye kioo, mdomo unakwenda, mikono inakwenda, sauti hakuna.

"Mjomba? Mjomba, hatukusikii!"

Naye kule hatusikii. Sasa Honi asiposikiwa hufanya jambo moja tu, huongeza sauti. Tulimwona mishipa ya shingo imemsimama, anarudia kitu kilekile, anaonyesha kidole upande huu na ule. Mwanangu akaipigapiga kompyuta ubavuni. "Iliumia ilipoanguka, mama. Spika yake imelegea." Mwishowe Honi akachoka, akaandika kwa vidole vyake vinene: *Siwasikii. Nasikia upepo tu na mtu anakohoa. Nimesema JUMAMOSI ASUBUHI nyuma ya ghala la saruji. Njooni na njia ya mtaro.*

Baada ya muda sauti ikarudi yenyewe.

"Nani huyo alikuwa anakohoa kama mbuzi?" akauliza Honi.

"Hakuna aliyekohoa, mjomba. Ni mtandao."

"Mtandao una kifua?"

Tukacheka. Mungu anisamehe, tulicheka wote watatu.

Jumamosi tulitoka mapema, mwanangu amejitanda ushungi wangu, mimi nimebeba begi. Njia ya mtaro haina nyumba, ni mtaro wa saruji upande mmoja na ukuta wa kiwanda upande wa pili. Tulipofika kwenye kidaraja, mkwe wangu akatoka chini yake. Alimkamata mwanangu nywele juu ya ushungi, akamgeuza, akampigiza uso kwenye ukingo wa mtaro. Nilisikia jino linavunjika. Sikuliona, nililisikia. Akamwinua akampigiza tena. Mimi nilimrukia mgongoni nikamng'ata shingo, na kinywa changu kikajaa jasho na vumbi la chuma. Akanishika mkono akavikunja vidole vyangu nyuma kama mtu anayevunja vijiti vya kuwashia moto. Viwili vikakubali.

Waliotuokoa ni wanawake waliokuwa wanakwenda kuteka maji. Walitupa ndoo, wakapiga ukelele. Mkwe wangu akamwachia mwanangu, akaokota kofia yake, akaikung'uta, akaondoka. Anatembea. Hakukimbia. Hilo lilinitisha kuliko damu.

Mwanangu alizimia mikononi mwa wale wanawake. Wakati anashonwa mdomo zahanati, Honi alisubiri nyuma ya ghala mpaka mwenye mzigo akaanza kumtukana kwenye simu, akalazimika kuondoka.

Sasa kaa ufikiri kama tulivyofikiri sisi. Saa tunaijua watatu. Njia tunaijua watatu. Na yeye alikuwa anatungoja chini ya kidaraja, si nyumbani, si barabarani. Nani alimwambia? Mwanangu alilala akitazama dari. "Mjomba ana sauti kubwa, labda alisema mbele za watu." Mimi macho yangu yalikwenda ng'ambo ya barabara. Kinyozi anamwona kila anayeingia kwangu, na mkwe wangu kichwa chake kinanyolewa palepale. Nilivuka na bandeji yangu, nikaingia kibandani wateja wamejaa.

"Umemuuza mwanangu kwa bei ya kunyoa kipara!"

Kinyozi alisimamisha mashine juu ya kichwa cha mtu. "Mama Cherehani, unasema nini?"

"Mdomo wako huo! Umekaa hapo kama redio!"

"Mama, mimi vichwa nanyoa, sivipeleki kwa wanaovitafuta. Toka nje, tafadhali, nisije nikamkata mtu sikio." Mteja wake akasema, "Ndiyo mama, toka, sikio ni langu." Wakacheka wengine. Kinyozi hakucheka. Nilimtemea mate mlangoni nikarudi kwangu, na kwa siku zilizofuata akawa ananigeuzia mgongo kila nikifungua mlango.

Honi alikuwa anarudi. Kabla hajafika nilikwenda sokoni nikanunua eafoni nyingine zisizo na waya kwa mchuuzi anayezitandaza chini. Nilijisemea, kama spika ya kompyuta imelegea basi mwanangu asikilize kwa hizi, kwa lile sikio lake moja zima, na hakuna mdaku atakayesikia mipango yetu. Nilijiona mjanja sana. Zilikuwa ndani ya kiboksi cheupe cha duara kama sabuni.

Mchana wa siku aliyopiga Honi, nilikuwa napiga pasi suti ya mteja chumba cha mbele, mkaa umeshika vizuri. Mwanangu akaniita. Nilikwenda ndani. Madirisha tulikuwa tumeyafunga, pazia limeshuka, joto kama tanuri. Honi yuko kwenye kioo, mdomo unakwenda. Kompyuta imekuwa bubu tena.

"Leta hizo ulizonunua, mama. Nimechoka na huu uchawi."

Nilimpa. Akafungua kifuniko cha kiboksi, akabonyeza kitufe chake na kukishikilia mpaka kitaa kikaanza kuwakawaka rangi ya buluu. "Hapo zinajitangaza," akanieleza, maana alijua napenda kujua. "Sasa naingia huku kwenye Bluetooth, kompyuta inatafuta kilicho karibu, nikiona jina lake nabonyeza, wanashikana. Basi." Midomo yake ilikuwa bado na nyuzi, anazungumza kama mtu aliyekula kitu cha moto. Akafungua mahali penye majina ya vitu ambavyo kompyuta inavifahamu.

Zile mpya zilikuwa hazijatokea. Juu kabisa palikuwa na jina jingine. *Kazi Tu.* Ndilo jina alilozipa eafoni zake za zamani, kwa utani. Na chini ya jina hilo pameandikwa neno moja: *Imeunganishwa.*

Nilimwona mwanangu anavyopungua damu usoni. Alilitazama lile neno. Akatazama dirisha. Akanivuta karibu na mdomo wake wenye nyuzi, akanong'ona mpaka nikahisi mate yake.

"Mama. Ile moja haikufa. Ameivaa."

"Nani ameivaa?"

"Kompyuta ikizikuta eafoni zake ziko karibu inazikamata yenyewe, haiombi ruhusa. Sauti inahamia huko. Sauti ya mjomba haipotei, mama. Inaingia sikioni mwake."

Nikaelewa. Nawaambieni ukweli, niliishia darasa la saba, lakini nilielewa mara moja. Kila Honi alipopaza sauti na kurudia, Jumamosi asubuhi, nyuma ya ghala, njia ya mtaro, alikuwa anamwambia yule. Sisi tumeziba masikio, yule anaambiwa. Na kile kikohozi alichokisikia Honi kilikuwa kinatoka kwenye eafoni hiyohiyo, maana nayo ina mahali pa kuongelea.

"Iko karibu kiasi gani ndipo ishikike?" nikanong'ona.

Mwanangu aliinua kidole. Alionyesha ukuta wa pagale.

Nilitaka kutoka na mkasi. Akanishika gauni, akatikisa kichwa, akaanza kumwandikia Honi: *Mjomba usijibu kwa mdomo. Mume wangu anakusikia WEWE, hatusikii sisi. Yuko nje ya dirisha. Sema kwa sauti kwamba umeharibikiwa na gari, utakuja wiki ijayo. Kisha njoo sasa hivi.*

Ilikuwa akili nzuri. Kwa mtu mwingine yeyote ingefanya kazi. Yule angesikia, angekwenda zake kunywa, na sisi tungetoka kwa mlango wa mbele. Tukamtazama Honi anasoma. Midomo yake ilikuwa inafuata maneno. Alipofika mwisho akarudia kusoma. Kisha uso wake ukaanza kuvimba. Namjua yule mtoto tangu namfunga nepi. Nikajua hawezi.

"Usiseme," nikaiambia kompyuta. "Mdogo wangu, nakuomba, usiseme."

Honi akasogea mbele mpaka mdomo ukajaa kioo chote, na hata bila sauti nilimsoma kila tusi. Alimtukana yeye, akamtukana aliyemzaa, akamwambia nakusikia unavyopumua, mbwa wewe, nakuja kukufukia.

Nyuma ya dirisha kitu kilikwaruza ukuta. Halafu tofali likaanguka. Halafu sauti ikaja, karibu sana, kama ya mtu anayeongea na wewe meza moja.

"Mjomba wako ana mdomo mchafu, mke wangu."

Mtaimbo uliingia kwenye dirisha na vioo vikatumwagikia. Zile nondo alizichomelea mwenyewe, anajua kila mahali pa kutegua. Aling'oa kona ya kwanza, kona ya pili, wavu wote ukaning'inia kama mlango. Mwanangu alisukuma meza dirishani, yule akaipiga teke ikarudi ikambana mwanangu tumboni. Akaingia. Alikuwa na kitu cheupe kidogo kwenye sikio la kulia, kama kidonge.

"Siku zote nakusikiliza," akasema, anakigusa kwa kidole. "Ulisema husikii nikikuita. Mimi nakusikia."

Mwanangu aliinua mkono kujikinga. Mtaimbo ukatua juu yake, na mkono ukapinda mahali ambapo mkono hauna kiungo. Hakupiga kelele. Alitoa sauti ndogo tu kama ya mtu aliyeshangaa. Yule akauinua mtaimbo tena, safari hii juu ya kichwa, na nilijua huo haurudi mara mbili.

Nilikimbilia chumba cha mbele. Msinione mwoga. Nilirudi na pasi. Mkono wangu mbovu niliutia chini ya mpini na mzima juu, nikaizungusha kama mtu anayetupa taka, ikamkuta kati ya shavu na jicho. Ikashika. Harufu ile sitaisimulia. Mkaa ulimwagika shingoni mwake na mikononi mwangu na kitandani, shuka likaanza kuwaka. Akauachia mtaimbo, ukaniangukia mguuni, akanikamata koo kwa mikono yote miwili akanilaza chini juu ya vioo. Nilikuwa namtazama ngozi ya shavu inavyoning'inia. Nilikuwa nakata pumzi. Mwanangu, mkono mmoja umekufa, alichukua mkasi wangu wa kukatia vitambaa vizito akamchoma nao begani, akauchomoa, akamchoma tena, analia, "Muache mama yangu! Muache mama yangu!"

Katika kupigana kule eafoni ikamtoka sikioni. Ilidondoka karibu na uso wangu, na ndani yake, kwa mbali sana, kama mbu, nilimsikia mdogo wangu.

"Dada! Dada, piga kelele! Nimempigia kinyozi! Dada, kinyozi anakuja!"

Koo lilikuwa limebanwa, lakini miguu ilikuwa yangu. Niliupiga mlango wa kabati kwa visigino mpaka ukavunjika.

Kinyozi aliingia na mashine yake ya kunyolea bado mkononi, waya unaburuzika, na nyuma yake mteja aliyenyolewa nusu kichwa, kitambaa kimefungwa shingoni, na nyuma yake mtaa. Yule niliyemtemea mate mlangoni ndiye aliyemkaba mkwe wangu kutoka nyuma, wakaanguka wote wawili kwenye mkaa. Mwenye nusu kichwa akazima moto wa kitandani kwa kitambaa chake. Wengine wakamburura mkwe wangu kwa miguu mpaka nje, na huko mtu mmoja akasema mwizi, na hakuna aliyemsahihisha.

Nilisikia matofali. Nilisikia mateke, sauti ya buti kwenye mbavu, inafanana na ya kukung'uta godoro. Mimi nilikuwa nimekaa sakafuni, kichwa cha mwanangu mapajani, namfunga mkono kwa mguu wa suruali ya mteja. Kinyozi alikuja mlangoni, anatoka damu kwenye kiwiko.

"Mama Cherehani, watamuua. Sema nao. Wewe ndiye watakayekusikia."

Sikusema kitu. Niliendelea kufunga. Sioni haya kuandika hivyo.

Mwanangu ndiye aliyefumbua macho. "Mama, waambie waache. Akifa itabidi nimlilie. Sitaki kumlilia tena."

Nikainuka na mguu wangu mbovu, nikatoka, nikasema basi. Ilibidi niseme zaidi ya mara moja.

Polisi safari hii walikuja na gari. Mkwe wangu walimpakia akiwa hai, jicho moja limefunga, shavuni ana alama ya ncha ya pasi. Yule askari wa saa ya mkononi alikuwepo. Akaniuliza kwa nini nimemuunguza mtu usoni.

"Nilikuwa napiga pasi, afande. Akaingia katikati."

Hakucheka na mimi sikucheka.

Kesi ipo, inasogea pole pole, na kuna siku atatoka. Kwa hiyo nawaandikia. Binti yako akikimbia mikono ya mtu, mwulize aliacha nini nyuma kinachojuana na kompyuta yake au simu yake. Eafoni, spika, saa, chochote. Asikuambie kimevunjika, asikuambie kimekanyagwa. Aingie mahali pa Bluetooth, akiondoe kila kitu asichokishika kwa mkono wake, kisha aizime kabisa mpaka atakapoihitaji. Na kompyuta ikiwa bubu ghafla huku mtu kwenye kioo mdomo unakwenda, msiipigepige. Nyamazeni wote mwangalie hapo kwanza, sauti imekwenda wapi.

Honi alifika jioni ileile, akalia kama mtoto mbele ya kinyozi. Mwanangu alipotoka hospitali, mkono ndani ya plasta, Honi alimpandisha kwenye lori na kumshusha kwenye stendi kubwa ya mabasi, naye Honi akaambiwa arudi asigeuke nyuma. Basi alilichagua mwanangu mwenyewe. Honi hajui ni lipi. Mimi sijui ni upande gani. Nilimwomba mwanangu iwe hivyo, kabla hajaondoka, kwenye sikio la kulia, naye alinibishia sana halafu akakubali. Salamu zinamfikia Honi mara mojamoja, kwa namba ngeni. Anakula. Anafanya kazi. Mkono unakunjika.

Wiki iliyopita mama wa mkwe wangu alikuja. Aliketi kwenye kiti cha wateja, amevaa vizuri, na watoto wake wawili wa kiume, wadogo zake yule, wakasimama mlangoni wakaniziba mwanga.

"Mama mwenzangu," akasema, "mwanangu anaoza mahabusu. Binti yako akija akafuta maneno yake, yataisha. Yuko wapi?"

"Sijui."

"Mama gani hajui mwanawe aliko?"

"Mimi."

Kijana mmoja akaingia ndani. Akauchukua mkono wangu juu ya cherehani, kwa adabu kabisa, kama anataka kunisalimu, akavipata vile vidole viwili ambavyo havijapona sawasawa. Akavibana. "Mama, sema wapi."

"Sijui, baba."

Akavikunja. Niliona nyota, nikaona mkojo unanitoka, nikamwita mwanangu kwa jina lake na mama yangu aliyekufa kwa jina lake. Alibana mpaka kimoja kikalia kama mara ya kwanza. Nilikuwa napiga yowe, na katika yowe lile nilikuwa napekua kichwani mwangu kama mtu anayepekua nyumba, natafuta jina la mji wowote, jina la mtaa, nimpe aniachie. Hapakuwa na kitu.

Mama yao alikuwa ananitazama usoni. Mzazi anamjua mzazi. Akainuka, akajifunga kanga yake vizuri.

"Mwache," akasema. "Huyu kweli hajui. Twendeni."